Aliyeonekana Kitini

Kwanza kabisa niseme kwamba hakuna aliyekosea. Nalisema hili mapema ili msomaji asifike katikati ya habari hii akaanza kutafuta mkosaji, akapoteza muda wake na muda wa taifa. Nchi yetu haina wakosaji. Ilikuwa nao zamani, lakini wote walihamishiwa wizara nyingine.

Jina la nchi yenyewe silitaji, na si kwa woga. Kamati ya Jina la Nchi iko vikaoni mwaka wa saba sasa, na mpaka itoe taarifa sisi wananchi tumeelekezwa kusema "hapa kwetu". Basi hapa kwetu kuna mto mkubwa uitwao Kihambwe. Juu ya kilima kando ya mto huo kuna jengo la Idara ya Kina cha Mto, na ndani ya jengo, chumba cha tatu kushoto, niko mimi, Anzaruni Pembe, karani wa masjala. Kila kinachotokea idarani nakiandika kwenye daftari kubwa. Nisichokiandika hakijatokea. Ni kazi ya heshima, na nimeifanya miaka mingi bila kumuudhi mtu yeyote mwenye gari.

Idara ina jukumu moja. Kila siku saa nne kamili asubuhi mtu ateremke mtoni, asome namba kwenye nguzo iliyopakwa alama, apande kilima, aiandike. Maji yakifika mstari mwekundu, king'ora kinapigwa, na watu wa Bondeni, mtaa ulio chini kabisa karibu na maji, wanakimbilia juu. Hakuna zaidi ya hapo. Tuko wafanyakazi thelathini na wanane.

Aliyekuwa akiteremka mtoni ni Bi Sikitu Ngwale, mama wa makamo, mrefu, mwenye shahada mbili za mambo ya maji na jozi moja ya mabuti ya mvua. Alikuwa ameteremka kilima kile kwa miaka kumi na tisa. Katika hiyo, miaka kumi na moja ya mwisho alikuwa pia Kaimu Mkurugenzi, tangu mkurugenzi aliyekuwapo alipostaafu bila kuaga.

Kaimu, hapa kwetu, hufanya kazi zote za mkurugenzi isipokuwa kukaa kwenye kiti chake. Kanuni iko wazi: kiti kinamsubiri mwenyewe. Kaimu huwekewa stuli pembeni. Bi Sikitu aliikalia stuli ile miaka kumi na moja mpaka mgongo ukaanza kumuuma, na kila Ijumaa alikifuta kiti vumbi kwa kitambaa cha buluu. Kiti chenyewe ni cha mninga, kimevalishwa ngozi nyekundu, mikono yake imechongwa vichwa viwili vya simba, mmoja hana pua. Alikifuta kwa upole, maana alijua ni chake. Sote tulijua.

*

Siku ya kumthibitisha ilipofika, Mheshimiwa Waziri wa Maji, Mabonde na Mambo Yanayofanana na Hayo alitarajiwa saa tatu asubuhi. Tulipanga mstari. Saa tatu ikapita, saa tatu na nusu ikapita. Ilipobaki dakika kumi kufika saa nne, Bi Sikitu akavua viatu vyake vipya akaanza kuvaa mabuti.

"Bi Sikitu, unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Mtoni."

"Leo? Leo ni siku yako, mama. Kaa. Namba ya leo tutaikadiria."

"Bwana Anzaruni, mto haujui kama leo ni siku yangu." Akachukua daftari lake dogo akateremka.

Hapo ndipo balbu ya ofisi ya mkurugenzi ilipoungua. Kwa kuwa Waziri hawezi kupokewa gizani, aliitwa mtunza stoo, Telesfori Mgweno, kijana wa watu, mpole, mwenye funguo za kabati la sabuni na balbu. Telesfori aliwahi kufanya mtihani wa kusoma nguzo ya mto mara mbili. Mara ya kwanza aliisoma kutoka juu kwenda chini. Mara ya pili aliisoma vizuri sana, ila ilikuwa nguzo ya umeme.

Ngazi ilikuwa imeazimwa na jirani. Telesfori akavua viatu, akapanda juu ya kiti cha mkurugenzi, akafungua balbu mbovu, akafunga nzima. Taa ikawaka. Mlango ukafunguliwa. Telesfori akashtuka, mguu ukateleza, akatua kitini kwa makalio, kimya, mikono juu ya vichwa vya simba, balbu mbovu katika kiganja cha kulia.

Mheshimiwa Waziri alisimama mlangoni. Nyuma yake kulikuwa na wapiga picha.

"Naona!" alisema Waziri. "Naona mwenyewe, sihitaji kuambiwa! Ndugu zangu, wapo wanaoshika madaraka. Wapo wanaoshika vyeo. Huyu ameshika mwanga! Nimezunguka idara arobaini na mbili za taifa hili, sijakuta mkurugenzi aliyeketi na mwanga mkononi, miguu mitupu, akiwa tayari kuwatumikia wananchi! Mkurugenzi, hongera. Umethibitishwa."

Makofi yakapigwa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka alipo Waziri. Nilikuwa na mdomo, na mdomoni nilikuwa na maneno manne: huyu ni mtunza stoo. Nilijikausha. Na si mimi peke yangu, sote thelathini na saba tulijikausha, kwa sababu Waraka Namba Moja wa nchi yetu unasema Waziri hakosei, na Waraka Namba Mbili unasema ikionekana Waziri amekosea, kilichoonekana ndicho kilichokosea.

Bi Sikitu akaingia wakati huo, anahema, tope mpaka magotini, daftari kifuani. Waziri akamwangalia kuanzia chini mpaka juu.

"Na huyu mfagizi mbona mchafu?" aliuliza, kisha akatoka kwenda kunywa chai.

*

Wasomaji wa nchi nyingine, ambako sheria ni legelege, watafikiri mambo yaliishia hapo. La. Waziri alikuwa ametamka mawili, na yote mawili yalipaswa kutekelezwa. Telesfori akaandikiwa barua ya ukurugenzi mchana huohuo. Kuhusu Bi Sikitu, maofisa utumishi walikaa siku mbili wakivuta nywele, maana huwezi kumwondoa mwenye shahada mbili kwenye mto, na huwezi kusema Waziri hakumwona mfagizi. Wakapata ufumbuzi. Cheo chake kipya kikawa Kaimu Mfagizi Mkuu, Mwenye Jukumu la Ziada la Kupima Mto.

Niliiandika barua hiyo kwa mkono wangu. Nilipompelekea aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Kaimu," alisema. "Hata ufagio sijathibitishwa."

Kuanzia siku hiyo hakukaa chini tena. Ukumbi wetu una hatua arobaini na moja kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Najua kwa sababu nilizisikia siku nzima, kwenda na kurudi. Alichonga penseli zote za idara mpaka zikabaki vipande vya kushika kwa kucha. Aliandika barua ya kuacha kazi Jumatatu, akaichana Jumanne, akaiunganisha kwa gundi Jumatano. Mumewe, fundi cherehani, aliniambia kwamba nyumbani mkewe ameyafua mapazia yaleyale mara tatu kwa wiki na sasa hayana maua. "Nikimuuliza una nini, ananiambia hana kitu," alisema. "Shemeji, mtu asiye na kitu hafui pazia mara tatu."

Nami nilikuwa sikai vizuri. Nilibadilisha upande wa kuweka meza yangu ili nisiutazame mlango wake, kisha nikagundua kwamba sasa nautazama mlango wa Mkurugenzi, nikairudisha.

Hapa kwetu hatumwachi mtu na uchungu wake bila utaratibu. Ipo Fomu ya Kinyongo, nakala tatu, ambayo kila mtumishi aliyeumizwa ana haki ya kuijaza. Kinachotakiwa ni kuidhinishwa na yule aliyekuumiza. Bi Sikitu akaenda nayo kwa Mkurugenzi mpya.

"Dada Sikitu, niandike wapi?" Telesfori aliuliza kwa moyo mkunjufu.

"Hapo chini. Palipoandikwa 'sababu ya uchungu'."

Akasaini vizuri, kwa herufi kubwa. Kisha akaangalia kama mlango umefungwa. Mimi nilikuwa ndani natafuta jalada, na hapa kwetu karani hahesabiwi kama mtu aliyemo chumbani.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nilikuwa nafunga balbu tu."

"Najua."

"Mimi sikuomba. Nilitaka kusema, lakini wapiga picha... Na nyumbani wameshachinja. Mama yangu ametandika kitenge kwenye uzio mzima wa nyumba, wanaimba. Nitamwambiaje?"

"Kamwambie Waziri kwanza, mama utamwambia baadaye."

"Nimwambie Waziri amekosea?"

 Hata Bi Sikitu hakuweza kulisema hilo, na lilimuuma zaidi ya yote. Akachukua fomu zake. Alipofika mlangoni Telesfori akamwita.

"Dada, samahani. Hii ripoti ya mwezi... hapa palipoandikwa 'kina' ndiyo nini?"

Nilimwona amesimama pale, mkono kwenye kitasa. Nilitamani atoke zake aende. Akarudi mezani, akabaki wima, akaijaza ripoti yote kwa kipande cha penseli.

*

Fomu ikampeleka Ofisi ya Kupoza Mioyo, mjini, ghorofa ya nne, lifti haifanyi kazi kwa sababu kupanda ngazi ni sehemu ya matibabu. Nilimsindikiza kubeba nakala ya tatu. Huko alipokewa na Mshauri Mwandamizi wa Mioyo, Bi Ubwa, mama mnene mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake.

"Karibu, mpendwa. Vuta pumzi. Umepitwa, siyo?"

"Nimepitwa."

"Na aliyekupita hana sifa?"

"Alisoma nguzo ya umeme."

"Tusimseme. Hatua ya kwanza hatumsemi." Bi Ubwa akafungua kitabu. "Sasa mpendwa, kila asubuhi ukimkuta ofisini, tabasamu, useme moyoni: cheo chake ni furaha yangu. Ukisikia koo linakukaba, kunywa maji. Ukisikia mikono inatetemeka, jipongeze, ina maana wewe ni mtu wa vitendo. Na ujiulize kwa unyenyekevu: je, mimi nilionekana? Kufanya kazi na kuonekana ni vitu viwili, na mwenye busara huchagua kimoja."

"Nilikuwa mtoni."

"Unaona? Hukuonekana."

"Mto uko mtoni, mama. Nikausomee wapi?"

Bi Ubwa alifunga kitabu. Nikaona jicho lake la kushoto linachezacheza, kope inaruka yenyewe bila kupumzika.

"Mpendwa," alisema, "mimi hapa ni kaimu mwaka wa sita. Mkuu wangu aliletwa kwa kuwa anaimba vizuri. Dawa hii ninayokupa naitumia mwenyewe kutwa mara tatu, na unaniona nilivyopona."

Tuliposhuka ngazi Bi Sikitu alikuwa anacheka, na kicheko chake kilinitisha kuliko zile hatua arobaini na moja.

"Bwana Anzaruni," aliniambia barabarani, "ulikuwepo siku ile. Ulikuwa chumbani."

"Nilikuwepo."

"Uliandika nini kwenye daftari?"

Nilimwambia niliandika kwamba Mheshimiwa Waziri alimkuta Mkurugenzi kitini. Akatikisa kichwa, akaenda zake mbele yangu kwa haraka. Nilibaki nyuma na nakala ya tatu, na aibu ilinipata mpaka masikioni.

*

Mwezi uliofuata Waziri alitangaza kwamba masika yamekwisha. Lilikuwa tangazo zuri, lenye takwimu. Kwa kuwa masika yalikuwa yamekwisha, mvua iliyoendelea kunyesha milimani haikuwa na jina, na mto uliokuwa ukipanda ulikuwa ukipanda kwa niaba yake binafsi.

Wakati huohuo serikali ilijenga Bondeni, mita chache kutoka kwenye maji, Mnara wa Balbu, ukumbusho wa siku ile kiongozi alipoonekana na mwanga. Waziri mwenyewe angekuja kuuzindua siku ya Alhamisi saa sita mchana. Watu wote wa Bondeni waliamriwa wahudhurie na watoto wao. Viti vya mbele viliwekwa kwa ajili ya wazee mashuhuri, na wa kwanza kabisa alikuwa mama yake Telesfori.

Alhamisi saa nne na robo Bi Sikitu aliingia ofisini kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi. Telesfori alikuwa ameshavaa suti. Sauti yake siku hizi ilikuwa imeongezeka uzito, na kabla ya kusema alikuwa anakohoa kidogo.

"Umebaki mkono mmoja kufika mstari mwekundu," Bi Sikitu alisema. "Unapanda shubiri nzima kwa saa. Saa sita utakuwa jukwaani. Piga king'ora."

Telesfori akakohoa. "Dada, leo? Leo Waziri anazindua."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Masika yamekwisha. Imetangazwa."

"Telesfori. Twende dirishani."

Wakaenda dirishani, nami nikawafuata na daftari. Kihambwe ulikuwa wa rangi ya kahawa, umebeba magogo na paa la banda la mtu. Kando yake, Bondeni, watu walikuwa wanapanga viti.

"Mama yangu yuko pale," alisema Telesfori, na ile sauti ya kukohoa ikawa imemtoka. Alirudi kitini, akawa tena yule wa stoo. "Nikipiga, nitakuwa nimesema Waziri amekosea masika. Nisipopiga... Dada, mkono hauendi. Niangalie, hauendi."

Kweli mkono wake ulikuwa umebaki hewani juu ya meza. Kitufe cha king'ora kiko chini ya ubao wa meza, na Kanuni ya Tisa inasema kinabonyezwa na aliyeketi kitini tu. Mtu mwingine akikigusa anafungwa. Mfungaji wa kitufe alikiweka makusudi mahali ambapo aliyesimama hakifikii.

Walitazamana.  Kisha Telesfori akanyanyuka, akapapasa suti yake kama mtu aliyepoteza kitu.

"Naenda msalani," alisema, akimtazama Bi Sikitu usoni. "Tumbo limevurugika. Nitakaa sana, dada. Nitakaa sana huko."

Akatoka. Kiti kikabaki kitupu, ngozi imebonyea. Bi Sikitu alikitazama kiti alichokifuta vumbi miaka kumi na moja. Nilidhani atasita, atavuta pumzi, atafanya jambo la kuandikwa. Alikaa tu, na mabuti yake yenye tope, akaingiza mkono chini ya meza.

King'ora cha Idara kilikuwa hakijalia miaka kumi na miwili. Kilianza kwa kukoroma, kikatapika vumbi na kiota cha ndege, halafu kikalia mpaka meno yangu yakauma. Tuliwaona Bondeni wakisimama, wakitazama juu, wakianza kukimbia. Wengine hawakukimbia, walidhani ni sehemu ya sherehe. Bi Sikitu akanyanyuka mbio, akateremka kilima kwenda kuwafukuza mmoja mmoja, akipiga kelele, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amembeba mama yake Telesfori mgongoni pamoja na kiti cha mashuhuri.

Maji yalichukua nyumba tisa, jukwaa la wageni na Mnara wa Balbu. Hayakuchukua mtu hata mmoja.

*

Msafara wa Waziri ulikuta barabara imefunikwa, ukageuza kupanda kilimani kwetu. Telesfori aliposikia ving'ora vya pikipiki alitoka msalani mbio, na kwa mazoea tu, naamini kabisa kwa mazoea, akakaa kitini. Mlango ukafunguliwa.

"Naona!" alisema Waziri. "Naona mwenyewe! Shujaa yuko kwenye lindo lake!"

Nilikuwa hatua mbili safari hii. Nilifungua mdomo. "Mheshimiwa..." nilisema. Wote wakanigeukia, na kamera zikanigeukia. "Mheshimiwa, karibu chai."

Bi Sikitu aliingia akiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Waziri akauliza kama huyu mfagizi bado hajaoga.

Wiki mbili baadaye ukaja mrejesho wa Fomu ya Kinyongo. Naunakili kama ulivyo, kwa kuwa lugha yake ni safi: "Malalamiko yako yamepokewa na kushughulikiwa kwa huruma. Ili usiendelee kuumia kwa kumwona Bw. T. Mgweno akiwa amekupita, amepandishwa cheo zaidi, kuwa Msimamizi Mkuu wa Mito Yote ya Taifa, yenye maji na isiyo na maji, na kuhamishiwa makao makuu, ambako hutamwona. Kiti chake kiko wazi. Utakikaimu."

Telesfori alikuja kuaga. Alisimama mlangoni na sanduku.

"Dada, mito yote. Na hata huu mmoja siujui."

"Siku ile ulikwenda msalani," Bi Sikitu alimwambia.

"Nilikaa sana."

"Ulikaa sana. Asante." Akampa daftari lake la zamani la mtoni, ukurasa wa kwanza kachora nguzo na mshale unaoonyesha pa kuanzia kusoma. Telesfori akalitia ndani ya koti, akaondoka haraka kwa sababu alikuwa analia.

*

Ikatangazwa kwamba Waziri atakuja Jumanne kumthibitisha mkurugenzi mwingine. Hapo idara yetu ikaamka. Mhasibu alikuja na balbu. Dereva akaja na balbu mbili. Mlinzi aliacha lango akaja kukagua nyaya. Kila nilipoingia ofisi ya mkurugenzi nilikuta watu sita wamezunguka kiti, wote wanatazama dari, kila mmoja anasema taa hii haiwaki vizuri. Taa haikuwahi kuwaka vizuri namna ile tangu jengo lijengwe. Hakuna aliyekaa, maana kukaa kabla ya wakati ni kosa, na hakuna aliyekwenda mbali.

Jumanne saa tatu na nusu Bi Sikitu alinikuta masjala. Alikuwa amevaa mabuti.

"Bwana Anzaruni, una nini mfukoni?"

Nilitaka kumdanganya, sikuweza. "Balbu," nilisema.

Hakucheka wala hakukasirika, na ningefurahi kama angekasirika. "Iweke mezani, uje unishikie kitu kizito," alisema.

Tukaingia ofisini. Watu wakatupisha wakidhani tumekuja kufagia. Bi Sikitu akashika mikono ya mbele, yule simba mwenye pua na yule asiye nayo, akaniambia nishike miguu ya nyuma.

"Bi Sikitu, kanuni..."

"Kanuni inasema kaimu asikikalie. Haisemi asikibebe."

Tukakibeba. Ni kizito kile kiti, mninga mtupu. Tulikiteremsha kilima kizima, tukapumzika mara tatu, ngozi nyekundu ikakwaruzwa na miba. Tukakisimamisha ndani ya tope, hatua mbili kutoka kwenye nguzo. Bi Sikitu akakaa, akafungua daftari jipya.

"Namba inasomwa vizuri ukiwa umekaa," alisema. "Miaka yote hii nilikuwa nainama."

Nikapanda kilima peke yangu. Waziri alifika saa nne kasoro dakika kumi. Alifungua mlango akakuta watu ishirini na balbu ishirini na tatu, wengine juu ya meza, mhasibu juu ya kabati, na katikati ya chumba alama nne za miguu ya kiti kwenye zulia.

"Mkurugenzi yuko wapi?" aliuliza.

Watu wakatazama dari. Mimi nilikuwa mbali, karibu na dirisha. Ikabidi nipite katikati ya watu wote.

"Mheshimiwa," nilisema, "Mkurugenzi yuko mtoni. Amekaa kitini. Hata siku ile ya kwanza alikuwa mtoni."

Akaja dirishani. Akafuta miwani. Chini kabisa, kando ya maji ya rangi ya kahawa, kiti chekundu kilikuwa kinaonekana vizuri, na aliyekikalia pia.

"Naona," alisema Waziri taratibu. "Naona mwenyewe." Kisha akanisogelea sikioni. "Lakini mbona anafanana sana na yule mfagizi?"

"Mheshimiwa, wewe hukosei," nilimwambia. "Kilichoonekana ndicho kilichokosea."

Alifikiri sana. Akatazama kilima, akatazama viatu vyake vyeupe, akaamua kumthibitisha kutokea dirishani. Wote wakapiga makofi kuelekea mtoni, pamoja na mhasibu juu ya kabati. Bi Sikitu hakugeuka.

Niliteremka mbio na habari. Nilipomfikia nilikuwa sina pumzi.

"Umethibitishwa! Wewe! Wamekupigia makofi!"

Akainua kidole kuninyamazisha, macho yake kwenye nguzo. Ilikuwa saa nne kamili.

"Mbili nukta nne," alisema. "Andika."

Niliandika. Ndipo akajifuta uso kwa kitambaa cha buluu, akajifuta tena, na tena, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilitazama upande mwingine mpaka akamaliza.

"Nani alimwambia?" aliuliza.

"Mimi."

"Umechelewa, Bwana Anzaruni."

"Nimechelewa sana, mama."

Nikamuuliza kama turudishe kiti juu. Akasema kibaki palepale. Mpaka leo kipo mtoni, ngozi imepauka, na simba wa pili naye amepoteza pua. Tangazo nililibandika mwenyewe ukutani kwamba yeyote anayekitaka anaruhusiwa kuteremka akikalie, kila siku saa nne asubuhi, mvua au jua. Mabuti yapo stoo, saizi zote. Hakuna aliyekuja kuyachukua.